Injini Iliyotoka Kwenye Karasha

Mume wangu alikuwa mtu wa pampu. Kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita yeye hakuchimba. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji yanatoka chini ili wenzake wachimbe. Alishinda humo ardhini akiunga mipira ya maji na kukaza vibano, na kila aliporudi nyumbani Masumbwe nilimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni kama ninavyokagua mchele kabla ya kuununua. Ile kazi sikuipenda hata kidogo. Nilimwambia hivyo mara nyingi, kwa sababu mimi jambo likinikera sikai nalo moyoni.

Kwa hiyo Kenta yetu, lori letu dogo la mizigo, ilipochemsha njiani, gasketi ya hedi ikaungua, maji yakachanganyika na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, niliona mpango wetu wote umeungua nayo. Ile Kenta kuukuu ndiyo iliyokuwa imtoe shimoni. Tulikuwa tumekubaliana: mimi nanunua mpunga na kukoboa, yeye anaendesha, tunapeleka Kahama na Shinyanga mjini. Gari likitembea, harudi tena chini. Lisipotembea, watoto watakula nini?

Injini ile ilikuwa haifai tena, akapata nyingine ya mtumba. Ilikuwa ya Kenta kama yetu, ila kwa muda mrefu walikuwa wameifunga kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ikinguruma mahali pamoja kutwa nzima katikati ya vumbi. Fundi wetu, Mwislamu mmoja mpole aliyetoka Kigoma akaoa hapa hapa, aliizunguka, akachomoa kijiti cha oili, akanusa.

"Shemeji, hii bado nzima," akaniambia. "Ila sili, hii mipira inayozuia oili isivuje, zimeliwa na vumbi la mawe."

Akashauri kwamba maadamu injini iko nje, tubadilishe gasketi na sili zote kabisa, maana ikishaingia kwenye gari, kuifikia sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ni mpaka ushushe gia boksi. Alisema tukizembea tutakuja kumtukana. Nikamwambia kutukanwa atatukanwa tu, yeye abadilishe.

Siku zile ndizo ninazozikumbuka zaidi, na ndizo zinazoniuma. Mume wangu alikataa kukaa pembeni. Alikwangua mabaki ya gasketi za zamani kwa wembe, taratibu, hadi chuma kikang'aa. Alijifunza kupaka oili kwenye mdomo wa sili mpya kabla ya kuiweka, kisha kuigonga kidogo kidogo kwa kuzunguka ili isiingie upande. Nilipowapelekea uji nilimkuta anaongea peke yake na ile injini. Nikamuuliza kama niwaache wawili faragha. Alicheka hadi akakaa chini. Sijui ni lini mara ya mwisho alikuwa amecheka vile mchana, juani, mikono yake ikiwa michafu kwa kitu kingine kisicho tope la shimo.

Ikabaki sampu, lile karai la chini linalobeba oili. Kwa injini ile sampu haina gasketi, inafungwa kwa gundi ya silikoni. Fundi alikuwa ameshamwelekeza: mstari mwembamba tu, kama uzi wa kushonea gunia. Lakini ilikuwa Ijumaa, fundi akaenda msikitini, na mume wangu hakuwa na subira ya kumngoja.

Kule kwenye pampu, kiungo kinachovuja kinazamisha watu. Hawapimi silikoni kule. Wanajaza, wanaongeza, wanazungushia na mpira wa tairi juu yake, na anayejaza sana ndiye anayeaminiwa. Basi mume wangu akaijaza ile sampu kwa moyo wake wote. Nilikuwepo. Ilitokeza nje kuzunguka ukingo wote, akaifuta kwa kidole, ikawa nadhifu, nami nikamsifu. Fundi aliporudi alikuta boliti zote zimekazwa. Akauliza, "Kaka, umeweka kiasi gani?" Akajibiwa, "Ya kutosha." Akamwamini.

Wala haikuvuja. Hata tone. Tulibeba mchele msimu mzima. Tulimpitia mama yake mzazi kijijini Samuye, tukamshushia magunia yake, akazunguka gari akiligusa gusa, akasema, "Wabeja, mayu," akinishukuru mimi kwa Kisukuma kana kwamba ndiye niliyemzaa mwanawe upya. Usiku mume alilala nyumbani. Watoto walizoea kumwona asubuhi wakaacha hata kumpigia kelele za kumlaki, na hilo nalo lilinifurahisha.

Halafu siku moja tumeivuka Kahama, taa ya oili ikawaka. Alisimama, akachomoa kijiti, oili ipo tele. Akadhani taa ndiyo mbovu. Tukaendelea, na kabla hatujafika mbali injini ikaanza kugonga, ikagonga zaidi, ikazima. Imenoki, imekwama kabisa.

Fundi alipoifungua sampu sote watatu tulikuwa tumeinama pale. Silikoni ile iliyotokeza nje, nyingine kama hiyo ilikuwa imetokeza ndani. Ilikuwa imekatika vipande vipande, ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Oili ilikuwepo ila haikupanda. Fundi akavichomoa vile vipande haraka, akavikunjia kwenye kitambaa.

"Injini za karasha ndivyo zilivyo," akasema. "Ilishachoka hii."

Mungu ambariki, alijaribu. Nami nikaidaka hiyo hiyo, nikaitukana karasha na aliyeisimika. Mume wangu akatuacha tumalize. Kisha akasema, polepole, "Kule chini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nimezidisha."

Fundi alimwambia krenki inaweza kuchongwa, beringi zikawekwa mpya, injini ikarudi. Alimwambia tena na tena, siku zilizofuata. Mimi nilimwambia usiku na mchana. Lakini alikuwa ameshajihukumu. Hakuigusa tena spana ya mtu, hata kukaza nati ya baiskeli ya mtoto alimwita jirani.

Alipokuwa anafunga mabuti yake ya kurudia kazini nilisimama mlangoni nikamwambia yote. Kwamba aharibu injini hii na nyingine na nyingine tena, aharibu magari ya Masumbwe nzima, nitamlisha kwa kuuza mchele wa kubeba kichwani, ila akae juu ya ardhi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Pampu naijua," akapanda pikipiki.

Yuko kule hadi leo. Akiwa shimoni simu haishiki. Wiki hii mvua imenyesha kila siku, na mvua ikinyesha, yeye ndiye anayeshuka wa kwanza.