Nimetengeneza risasi zangu za kwanza zenye shingo hapa Stockholm, na mama akaja kuziona

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imenitokea mwenyewe, sijaitia chumvi.

Nafanya usafi uwanja wa ndege, naishi Tumba, nje kidogo ya jiji, na mama. Tulitoka Kivu, tukakaa Kigoma, ndio tukafika huku. Shule sikufika mbali, ila nina ndoto: siku moja nishindane kulenga shabaha.

Nikajiunga na klabu. (Kabla hamjaniita gaidi: ni mchezo wa leseni na kanuni, na muda mwingi watu wanakunywa kahawa.)

Shida ikawa mama. Nilipomwambia najifunza kutengeneza risasi, aliacha kusonga ugali.

"Tulikimbia masasi, leo weye unayapika?"

Nikamwomba tu aje klabu siku ya wageni.

"Nitaona."

Mnaijua "nitaona" ya mama.

Mwalimu wangu ni Gunilla, bibi mstaafu mwenye utani. Alinianzisha na maganda ya risasi yaliyonyooka. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalibana kwenye mashine ya mkono lirudie umbo lake, halafu fataki mpya ya kuwashia, baruti ya kupimwa, na kichwa cha risasi juu. Nikaona nimeshakuwa fundi!

Ndipo akaniletea maganda ya bastola yake ya zamani. Yana bega na shingo, kama chupa ya soda.

"Haya yanapakwa mafuta kwanza, la sivyo yananasa. Na usiyaharibu, hayapatikani siku hizi."

Wakuu, nikapaka! Kwetu mtoto wa kwenda kanisani anapakwa mpaka shingo inameta. Mimi sijui kupaka kwingine.

La kwanza likatoka na bonde begani. La pili vilevile.

Gunilla akaliinua kwenye taa. "Kijana, unapaka au unakaanga?"

Kumbe mafuta yakizidi hayana pa kwenda, yanaisukuma shaba ya ganda ibonyee.

"Ukiharibu jingine, tunarudi kwenye yaliyonyooka."

Nikafuta yote kwa kitambaa. Nikagusa mafuta kwa ncha ya kidole tu, nikavuta mkono wa mashine taratibu...

Likatoka safi. Nilitamani kulibusu.

Nyumbani nikamsimulia mama. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Wewe nilikupaka vile sababu ngozi yako ilikuwa kavu!"

Siku ya wageni akaja, na kitenge chake kipya. Ila mlio wa kwanza tu, nikamwona akitoka nje.

Zamu yangu ilikuwa imefika. Nikamwambia Gunilla anisubiri, nikamfuata.

"Mama, turudi nyumbani."

Ameshika ukuta. "Yale uliyopaka mwenyewe, umeshapiga?"

"Bado."

"Sasa huku nje umefuata nini? Twende."

Akaingia nami, kavaa vizuia sauti juu ya kilemba. Nikapiga. Sikugusa katikati, ila zote ziko kwenye karatasi!

Gunilla akampa ganda moja, bado lina joto. Mama akapitisha kidole shingoni, polepole, kama ananikagua mimi mlangoni kabla ya kanisa.

"Limetoka vizuri," akasema. Akalifunga kwenye pindo la kitenge.

Wakuu, mnaoanza: msikimbilie yenye shingo, mafuta kidogo sana, na anayejua awe pembeni yako. Na mama usimlazimishe, mwachie mlango wazi.

Mafundi nirekebisheni. Na wenye mama kama wangu, nyie mliwaambiaje?