Vitabu Alivyonisomea Nikimsuka

Sijui kama mtu aliyeishia darasa la saba ana haki ya kusifia vitabu ambavyo hakuvisoma kwa macho yake. Mimi nilivisikia tu. Lakini nilivisikia vizuri, na naona vibaya kunyamaza.

Miaka ile nilifanya kazi za ndani huko Uarabuni, mtaa wa Al Twar. Ijumaa, madam akiniruhusu, nilipanda basi hadi Deira, kwenye chumba cha rafiki yangu, Mmombasa aliyeuza manukato dukani. Tulikuwa na makubaliano: mimi namsuka, yeye ananisomea. Riwaya zake zilikuwa kwenye simu, za Kiingereza. Anapitia mstari kimya, kisha anautoa kwa Kiswahili cha kwao.

Alipenda hadithi za mapenzi ya wanaume wawili, au wanawake wawili. Aliniambia mapema, bila kuficha.

"Kama hutaki, sema. Nitakusomea za majambazi."

Kwa nini alizipenda sikumuuliza, naye hakusema. Nilitarajia uchafu, nikakuta watu. Ya kwanza ilikuwa ya siku hizi: dereva wa basi na muuguzi, wanaume wote wawili, wakigombana nani aoshe masufuria. Nilicheka sana.

Ila iliyonishika ni ya zamani, enzi za mishumaa na magari ya farasi. Mshonaji wa kike na mjane tajiri. Mwandishi alitumia kurasa nzima kueleza mshonaji akimpima mjane mkono wa gauni. Kupima tu! Utepe unatoka begani, unashuka taratibu, vidole vinachelewa kuondoka. Sikujua kama kazi ndogo namna ile inaweza kusema mambo mengi hivyo. Mimi nami nikajisahau. Msuko uliotakiwa kwenda kisogoni ukaelekea sikioni.

"Wee dada, wanisuka mimi ama wamsuka mjane?"

"Endelea, nitaufumua."

Akajitazama kwenye kioo. "Hebu ona. Kama barabara ya Sharjah, yazunguka wala haifiki."

Mimi hofu yangu ilikuwa moja: kwamba wangekufa. Hadithi zote nilizowahi kusikia za watu wa namna hiyo zilimalizikia jela au kaburini. Rafiki yangu akasema hizi zina sharti lake, mwisho lazima wabaki pamoja, tena wazima. Sikumwamini. Nilitaka kusikia mwenyewe.

Tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho Bi mkubwa alipoingia, Mzanzibari aliyekodi chumba kile na kuwapangisha wenzake vitanda. Nadhani alikuwa anatusikia siku nyingi.

"Nyie, khalas, basi tena. Ukuta huu ubao mtupu. Jirani akisikia akenda kusema, viza ya nani itafutwa? Si yangu?"

"Bi mkubwa, ni hadithi tu."

"Najua hadithi. Mie si mjinga."

Nataka nimtendee haki. Hakututukana, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Mji ule una sheria zake, na mkataba wa chumba ulikuwa kwa jina lake. Nikaanza kukusanya vitana. Yule mjane na mshonaji wake nikajua nimeshawakosa.

"Na kichwa changu?" rafiki yangu akauliza. "Nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Dukani nitaingiaje?"

"Msuke. Kusuka sikukukatazeni."

Akawasha televisheni, kipindi cha mapishi cha Kiarabu, akaongeza sauti mpaka ukuta ukatetema. Akaketi mlangoni, mgongo kwetu. "Sasa mwenye lake la kunong'ona anong'one."

Nikainama, sikio karibu na mdomo wa rafiki yangu, mikono ikisuka kwa kupapasa. Mjane aliuza gari lake la farasi. Wakafungua duka la nguo, wakaishi ghorofani, wakazeeka humo wote wawili.

Misuko ya siku ile ilikwenda kombo kuliko yote niliyowahi kusuka. Nikasema nifumue. Rafiki yangu akakataa, akaenda nayo dukani hivyohivyo wiki nzima.