Sanduku la Mwamba la Marui

Maulidi wa Mlandizi alikuwa na kazi moja tu kwenye mtambo wa kuchimbia kule Marui: kupanga mwamba. Vipande vilipopandishwa kutoka chini kabisa, vya mviringo na virefu kama michi, yeye alivilaza kwenye masanduku kwa mfuatano, cha juu kwanza, cha chini mwisho. Wenzake walimtania kuwa analipwa kwa kucheza na mawe. Walicheka wee, lakini wataalamu walisoma tabaka za ardhi kwenye masanduku hayo hayo, wakitafuta mafuta yanakotoka.

Sanduku hubebwa na watu wawili. Ijumaa moja mwenzake, Bilali, alikuwa ameshatangulia msikitini, na Maulidi hakutaka kukosa hotuba. Akalibeba peke yake. Akateleza kwenye tope, vipande vikamwagika. Alivifuta kwa shati, akavirudisha kwa kukisia, akakimbilia swala. Alisujudu na tope magotini, na hakuomba kitu. Aliona haya.

Wiki iliyofuata Evaline, mtaalamu wa miamba, alinusa kipande cheusi cha sanduku lile akatabasamu peke yake. Kilinuka mafuta, tena kilikuwa chini ya mwamba wa mchanga, pale pale alipotamani kiwe, dalili kwamba mafuta yalipanda yakajaa kwenye mchanga ule. Shimo la pili likapangwa penye zizi la Mzee Ngeleja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani. Mzee aliambiwa ni jambo la taifa, akaanza kulivunja zizi bila ubishi.

Maulidi alipita hapo kila asubuhi. Kila nguzo iliyong'olewa ilimchoma. Angesema mapema, lakini kibarua kilikuwa kitamu, naye akanyamaza mpaka zizi likaisha. Hapo akamfuata Evaline.

"Dada, lile sanduku la kipande cheusi nililiangusha. Nilipanga kwa kubahatisha."

Evaline akasema, "Niliona mipasuko ya vipande haishikani, kaka Maulidi. Nikajifanya sijaona. Nilitaka sana iwe kweli."

Wakaenda pamoja kwa mzee. Ng'ombe walikuwa wamefungwa kwenye visiki, wamelowa mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kuanza? Nafasi nimeshawasafishia."

Mkewe, Juliana, akawaletea maziwa. Evaline aliinamisha kichwa. Maulidi aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Mzee," alisema, "zizi lako umelivunja kwa sababu yangu."