Neno la Kilatini Ndani ya Kofia

Mkicheka chekeni, mimi nshazoea, maana mtaa mzima wa Mkunazini mpaka leo ukiniona huniuliza "Kilatini hakijambo?" nami huinamisha kichwa nikapita na buibui langu.

Salum wa nyumba ya mkabala alipata nafasi ya kwenda Ulaya kusoma tiba za kale, na huko lazima ujue Kilatini, basi kila alasiri yuko barazani na simu, anatafuta maneno kwenye kamusi za mtandaoni, na mimi juu dirishani nnashona kofia (ndiyo kazi yangu) nikawa nnazifungua kamusi zile zile, angalau tuwe na la kuzungumza. Yeye alikuwa anajifunza Kilatini, mimi nnajifunza yeye.

Safari ikakaribia. Nlimpenda, na kumwambia siwezi, mtoto wa kike utaanzia wapi. Nikatafuta neno la kumwambia mtu abaki, kamusi ikanipa kitenzi cha Kilatini, maneo, nikaenda kwenye jedwali la vitenzi, nikakuta ukimwamrisha mtu unasema mane. Nikalishona kwa uzi mweupe upande wa ndani wa kofia, nikampa dada yake ampelekee, zawadi ya safari.

Kesho yake asubuhi, siku anayosafiri, hodi. Mama kuchungulia, Salum kavaa kanzu na kofia yangu, kando yake mama yake, Bi Rahma. Sasa niambieni nyinyi, mwanamme anakuja kwenu na mama yake, kofia yako kichwani, utafikiri nini? "Wamekuja kuposa," Mama akaninong'oneza, akatia udi chetezoni, akamwita shangazi Zuwena wa nyumba ya pili, shangazi akaja na sahani ya haluwa, na kabla hajakaa akapiga vigelegele, majirani wakaitikia, mara ngazi imejaa watu wanaouliza harusi lini (na mimi nshajipaka wanja, jamani, nshabadilisha na nguo).

Kikombe cha kahawa cha Bi Rahma hakikufika mdomoni. "Posa ya nani, dada? Sisi tumekuja kuaga. Huyu kanambia kaitwa asubuhi, nami sikumwacha aje peke yake nyumba ya watu."

Salum akavua kofia, akaigeuza, akalionesha neno langu mbele ya wote. "Nlilitafuta kwenye kamusi. Mane, asubuhi. Nikajua unataka nije asubuhi."

Na kweli. Mane ni asubuhi, na mane ni baki, na kwenye kamusi asubuhi ndiyo inayotokea juu. Maana ya pili iko chini, angesukuma kidole kidogo tu angeiona.

"Basi nshakuja," akasema taratibu, ananitazama. "Ulitaka kunambia nini?"

Ngazi nzima ikanigeukia mimi. Neno nlikuwa nnalo, tena la kwetu, halitaki kamusi: usende. Lilinifika ulimini kabisa.

Nikamwambia, "Safari njema."

Akaivaa kofia, akamshika mama yake mkono, wakashuka. Haluwa akaimaliza shangazi.

Nshaapa, sitomshonea mtu tena neno nisiloweza kumwambia kwa mdomo wangu. Salum akija likizo ntamwambia kwa Kiswahili, hata ngazi ijae watu. Bado hajarudi.