Kipara cha Gilbert Mtunzi

Siku hizi wimbo ukipigwa, kijana huinua simu, na simu humwambia ni wa nani. Zamani wimbo ulitafutwa kwa miguu. Gilbert aliutafuta kwa kichwa chake mwenyewe.

Alikuwa dereva wa familia moja huko Al-Naseem, Riyadh. Kazi yake ya pili, isiyo na mshahara, ilikuwa kutunga nyimbo za kuwaaga Wakenya wanaorudi nyumbani moja kwa moja. Maneno yalikuwa yake. Sauti aliziiba kwa vinyozi wa Kihindi, maana ndiko nyimbo za filamu za kale zilikobaki. Lakini kwa kinyozi hukai bure, basi alinyolewa. Wimbo ukimpendeza, alirudi kesho yake kunyolewa tena. Bosi wake alipohamia Jeddah, Gilbert alishuka garini na kipara kinachong'aa kama sufuria mpya.

Hapa Al-Baghdadiyah, ninapolinda nyumba ya wafanyakazi, alimpata kinyozi Mustaqim, shabiki wa mtunzi mmoja tu wa filamu za mwanzo za Kihindi. Alitusimulia maisha ya mtunzi wake kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza. Mtunzi huyo alikuwa mtoto wa mpiga ngoma za harusi, akaanza kwa kupiga kinanda kando ya filamu zisizo na sauti. Filamu zilipoanza kusema, aliwaficha wapiga ala vichakani ili kamera isiwaone, na mwigizaji akaimba papo hapo. Mwisho wake, vijana wenye mitambo walimfukuza. Hapo nilimwelewa kabisa.

Kisha mkataba wa Fridah ukaisha. Fridah alikuwa mpishi wa familia ile ile aliyoiendesha Gilbert, tangu Riyadh, na kwa muda wote huo Gilbert hakuwahi kumwambia neno la mapenzi.

"Mzee," akaniambia, "wimbo huu usipomgusa, yeye atapanda ndege na mimi nitabaki na kipara."

Alichagua wimbo ambao kila ukipigwa, Mustaqim husimamisha wembe na kufuta machozi.

"Mwanamume akilia hivyo, ni mapenzi," akasema Gilbert. Hakuuliza. Watunzi hawaulizi.

Ijumaa mchana tukakusanyika sebuleni mwa nyumba ya wafanyakazi kumuaga Fridah. Ian na Griffins, wenye gitaa na ngoma, walijificha nyuma ya pazia kama wale wa vichakani. Gilbert aliimba, mkono kifuani. Pazia likapiga chafya, akaendelea. Fridah aliinamisha kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, mpaka Mustaqim, niliyemwalika mimi, akaangua kilio.

"Jamusi! Jamusi mauti!"

Ian akatoa kichwa paziani. "Mzee, anasema nini?"

Nikamhoji Mustaqim, nikatafsiri: "Jamusi ni nyati wao wa kufugwa, wa maziwa. Kwenye filamu, mkulima anaimba hivi baada ya nyati wake kufa."

Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Gilbert wee!" akapiga kelele Valary, mfanyakazi mwenzao. "Umemwimbia Fridah matanga ya ng'ombe!"

Kipara kikatoa jasho mbele ya watu. Mwenye nywele angalau huficha.

Fridah hakucheka. "Muulize, mzee. Huyo mkulima alinunua mwingine?"

Nikauliza. "Mafi," yaani hakuna, akajibu Mustaqim. Mkulima alilia mpaka filamu ikaisha.

"Basi," akasema Fridah, "mtu anayemlilia ng'ombe mmoja namna hiyo, mke hatamtupa. Lakini baba yangu yuko Kericho, Gilbert, na yeye haimbiwi. Nyati wa filamu amekufa. Kwa baba ulete ng'ombe walio hai."

Akapanda ndege. Gilbert sasa anaweka akiba ya ng'ombe, kwa hiyo hanyolewi, na kwa kuwa hanyolewi, hatungi. Nywele zimeota kama majani baada ya mvua. Wanaorudi nyumbani huagwa na simu ya Ian, inayojua jina la kila mtunzi na haijamlilia hata mmoja.

Kila Ijumaa Mustaqim huniuliza mteja wake yuko wapi. Namwambia amefuata nyati.