Wataniangalia Nikipungua

Dada yangu mkubwa aliuza mapazia katika soko la Gikomba. Tulikuwa wanene sote wawili, kama mama yetu, lakini yeye hakuwahi kuuonea haya mwili wake. Ndiyo maana sikuamini nilichokiona siku ile kliniki.

Wahudumu wa afya walikuwa wamepita kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Tassia, wakiwahimiza wanawake wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Tukaenda pamoja. Mizani iliwekwa kwenye korido, mbele ya benchi lililojaa watu. Dada akavua viatu, akapanda. Nesi akamwita mwenzake: "Hebu njoo uone! Leo mizani itatufia." Akazitaja kilo kwa sauti. Watu wakacheka. Dada akatazama ukutani.

Aliingia ndani, na hakukaa hata dakika tano. Alitoka viatu vikiwa bado mkononi.

"Nesi ameniambia kitanda hakiniwezi," akasema. "Eti nipunguze mwili kwanza, ndipo nirudi."

Mimi ndiye niliyekuwa nafuata kwenye foleni. Niliinuka, nikaondoka naye.

Akaacha chapati, akaacha chakula cha jioni. Kila nilipomwambia tujaribu kwingine, alinijibu vilevile: "Wataniangalia nikipungua."

Mwaka ukapita, na zaidi. Asubuhi moja nilikuta leso yake imelowekwa kwenye beseni bafuni. Maji yalikuwa mekundu.

"Dada, wewe si uliacha kuona siku zako kitambo?"

"Basi zimerudi. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Nilimwaga maji yale kwa mikono yangu.

Kisha akaanza kupungua, haraka kuliko njaa yoyote aliyojitesa nayo ilivyowahi kumpunguza. Pale sokoni walimshangilia. "Mama mapazia, umependeza! Unakunywa dawa gani?" Alicheka, akapeleka magauni yake kwa fundi yapunguzwe. Usiku nilimsikia kupitia ukutani akigumia, na asubuhi alijipaka mafuta mazuri kuificha harufu ambayo sote wawili tulijifanya hatuisikii.

Siku moja akavaa gauni lililopunguzwa, akaniambia, "Sasa twende."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nesi alikuwa mwingine, mpole, akampandisha kitandani bila neno. Nikaruhusiwa kumshika mkono. Nesi akainama kumwangalia, na nikauona uso wake ukibadilika. Akavifunika vyombo vyake taratibu.

"Mama, ulianza kutokwa na damu lini?"

Dada akanigeukia mimi.

Hospitali tuliyotumwa ikatuambia saratani ilikuwa imeshafika kwenye kibofu. Wiki hiyohiyo, dada alinisukuma nikapimwe. "Wakikucheka, kaa hapo hapo," alisema. "Usitoke." Nilienda kliniki nyingine, nikamwambia nesi mlangoni, kabla hajanionyesha mizani, kwamba nimekuja kuangaliwa, si kupimwa uzito. Alinikodolea macho, kisha akanifungulia chumba. Alikuta sehemu ndogo iliyoanza kuharibika, akaichoma siku hiyohiyo isije ikageuka saratani, akaniandikia tarehe ya kurudi.

Dada hakuifikia tarehe hiyo. Nilirudi peke yangu, nikapanda kitandani, nikafumba macho. Nesi aliniangalia muda mrefu kupita mara ya kwanza.

"Kuna mahali sipaelewi vizuri," akasema mwishowe. "Nitachukua kipande kipelekwe maabara."

Majibu bado hayajatoka.