Kaa la Moto la Kuhamia Kijijini

Juzi pale Bomani nilimwona binti akipuliza jiko la mkaa, nikajikuta nami nimevimbisha mashavu.

Siku tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yetu ilikuwa imeshaezuliwa, inanuka nyasi kuukuu, na baba alikuwa bado ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Mama alinipa kigae chenye kaa la moto.

"Likizimika hili, mwanangu, tumekwisha."

Niliamini tutakufa wote. Nilipuliza njia nzima, nikasahau hata kulia. Nadhani pumzi yangu ililaza mtama mpaka Kenya.

Tulifika kaa likiwa hai. "Umetuokoa," mama alisema. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kiberiti, akawasha kibatari.

Nilinuna wiki nzima. Leo wajukuu wangu wakiingiwa na hofu, natafuta haraka kitu cha kuwabebesha.